Treni za Uingereza zimenichelewesha, sasa nipo Tanga na siku zinaisha, nidai au niache?

BARUA

Shikamoo Shangazi. Mimi msomaji wako wa siku nyingi, nimezaliwa Ngamiani hapa hapa Tanga ila sa hivi naingia mwaka wa pili nafanya kazi Uingereza, natunza wazee kwenye nyumba ya wazee, nipo kwa viza ile ya wahudumu wa afya. Nimerudi nyumbani siku kumi na mbili zilizopita kwasababu mama aliteleza bafuni akavunjika nyonga, yupo hospitali ya Bombo, mchana nashinda naye usiku anashika zamu mdogo wangu wa kike. Anaendelea vizuri alhamdulillah, juzi kaanza kukaa mwenyewe.

Shangazi ninachotaka kukuuliza naona hata aibu maana mbele ya ugonjwa wa mama ni kitu kidogo, lakini kinanikosesha usingizi na kila ninayemuuliza ananipa jibu lake.

Kule ninapokaa na ninapofanya kazi ni miji miwili tofauti, naenda kwa treni narudi kwa treni siku tano kwa wiki. Nanunua tiketi ya wiki pauni 80. Kwa mshahara wangu pauni 80 sio hela ya kuchezea, hapo bado kodi ya chumba, bado ya kula, bado ya kutuma nyumbani. Sasa zile wiki mbili za mwisho kabla sijasafiri treni zilivurugika vibaya mno, mara majani ya miti yameanguka relini treni zinateleza, mara taa za njiani zimekufa, mara dereva hajatokea. Marehemu baba alikuwa mtu wa reli hapa Tanga, alikuwa na kidaftari anaandika treni imeingia saa ngapi imetoka saa ngapi, na mimi nimerithi tabia hiyo, kwahiyo kila kitu nimeandika. Siku ya kwanza nilifika nimechelewa dakika 34. Ya pili dakika 71. Ya tatu dakika 19. Ya nne treni ilifutwa kabisa nikangoja inayofuata nikafika nimechelewa saa moja na dakika 5. Ya tano dakika 12. Ya sita ndo iliyoniliza, ilikuwa treni ya mwisho ya usiku, nilitakiwa niwe nimefika saa sita kasoro dakika kumi, saa tano na nusu ikasimama stesheni ya katikati wakatangaza inaishia hapo, watu tukashuka kama tisa hivi, baridi ile ya kukata masikio, hamna mfanyakazi hata mmoja, ofisi imefungwa. Tulikaa pale zaidi ya saa nzima tunapiga simu za teksi ndo ikaja moja, nikagawana na dada mmoja wa Ghana, pauni 46, mimi nikatoa 23. Nimeingia ndani saa nane na dakika tano usiku na asubuhi nina shifti.

Kazini bosi hakutaka kusikia habari za treni, kanipa barua ya onyo kwa kuchelewa mara tatu. Na wewe unajua Shangazi sisi kazi ndo imeshika viza.

Nikiwa hapa hospitali kuna mgonjwa jirani kitanda cha pili, mwanae naye anaishi kule, akaniambia mbona hizo hela zinarudishwa, unajaza fomu kwenye simu tu. Mie mwaka mzima na nusu sikuwahi kujua! Nikampa mdogo wangu wa kiume kidaftari na tiketi anijazie maana ana stationari anajua mambo ya kompyuta, akaanza na ile siku ya kwanza, kesho yake jibu limekuja wamekataa, wanasema hakuna treni ya muda huo. Na iliondoka kweli nilikuwemo! Saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi, nimeandika kwa mkono wangu.

Sasa shemeji yangu akasema acha kabisa, kwenye viza yako imeandikwa huruhusiwi kugusa fedha za umma za kule, ukidai tu wanakufutia wanakurudisha. Akaongeza kwamba majani kuanguka ni kazi ya Mungu, kampuni ina kosa gani. Mama naye pale kitandani kasikia akaniambia mwanangu usidaidai vihela vya watu utaonekana mroho, sisi hatukuleleka hivyo. Iyo ya mama ndo imenichoma zaidi. Alafu nikakumbuka kuna mwenzangu kazini kule anajisifu kila wiki anadai, hata treni ambazo hakupanda anadai na wanamlipa, nikajiuliza kumbe ndo mambo yenyewe haya, basi sitaki.

Tiketi ya wiki ya pili ninayo mkononi. Ya wiki ya kwanza siku ya mwisho geti la stesheni liliimeza, ninayo risiti ya malipo kwenye emaili tu. Leo ni siku ya 24 tangu ile siku ya kwanza na nasikia mwisho siku 28. Nitarudi kule baada ya wiki tatu. Shangazi niambie kama mwanao, nidai au niache, na kama nidai nafanyaje nikiwa Tanga?

Ni mimi binti wa Ngamiani

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana na mama. Ulivyoandika nilikujibu usiku uleule kwa meseji maana siku nne si nyingi, sikutaka upoteze haki yako unasubiri safu itoke. Hapa naandika kwa kirefu kwasababu nyumba ngapi hapa Tanga zina mtoto huko, na wengi wapo kama ulivyokuwa wewe, wanacheleweshwa wanarudi ndani wanalala.

Jibu langu ni dai. Dai zote ulizo na haki nazo, usiongeze hata dakika moja, na usiache hata moja.

Naanza na la shemeji maana ndo lenye hofu. Nilikaa kule mwaka na nusu kwa binti yangu nikimlelea mjukuu, hofu hii niliikuta kwa kila Mswahili niliyekutana naye na imewanyima watu vitu vingi. Ni kweli kwenye viza yako kuna sharti la kutogusa fedha za umma. Lakini fedha za umma kwenye sheria yao ya uhamiaji zimetajwa kwa majina, ni misaada ya serikali kama Universal Credit, msaada wa kodi ya nyumba, posho ya watoto, na mingine ya aina hiyo. Fidia ya treni haimo. Wewe ulinunua huduma, huduma ikaja pungufu, unarudishiwa sehemu ya nauli uliyoitoa mfukoni kwako. Ni sawasawa ununue kilo mbili za samaki pale soko la Deep Sea ufike nyumbani upime ukute kilo moja na nusu, ukirudi kwa muuzaji kudai nusu kilo yako nani atasema umeomba sadaka? Mwambie shemeji namuheshimu sana na najua anakuonea huruma ila hapo hajapatia.

Na hilo la kazi ya Mungu pia. Kule kuna mpango unaitwa Delay Repay, maana yake ukicheleweshwa unalipwa, kampuni nyingi za treni za Uingereza zinaufuata, na uzuri wake hauulizi kosa la nani. Iwe majani, iwe theluji, iwe taa, iwe dereva, iwe mtu kaingia relini, wao wanaangalia kitu kimoja tu, ulitakiwa ufike saa ngapi na ukafika saa ngapi. Angalia nimesema KUFIKA. Wengi wanahesabu treni imechelewa kuondoka dakika ngapi, sio hivyo, inaweza ikaondoka imechelewa dakika 20 ikafidia njiani ukafika na dakika 10 tu, hapo huna kitu. Na inaweza ikaondoka kwa wakati ukakosa ya kuunganisha mbele kwasababu ya ile ya kwanza, hapo inahesabiwa safari yote mpaka mwisho wako, na unamdai yule mwenye treni iliyosababisha.

Sasa hesabu. Ukichelewa dakika 15 mpaka 29 unarudishiwa robo ya nauli ya safari ile moja. Dakika 30 mpaka 59 nusu. Kuanzia dakika 60 mpaka 119 nauli yote ya safari hiyo. Ikifika dakika 120 na kuendelea, kwa mwenye tiketi ya kwenda na kurudi analipwa yote mbili. Zipo kampuni chache ambazo wao wanaanzia dakika 30, kwahiyo angalia ukurasa wa kampuni yako kwanza. Kwa tiketi ya wiki kama yako wanaigawa kwa kumi, yani siku tano kwenda na kurudi, kwahiyo kwenye pauni 80 kila safari yako moja inahesabiwa pauni 8.

Tuchukue kidaftari chako. Ile ya dakika 34 ni nusu, pauni 4. Ya dakika 71 pauni 8. Ya dakika 19 pauni 2, hii kama kampuni yako inaanzia dakika 15. Ile iliyofutwa ukafika na saa moja na dakika 5 pauni 8, maana kufutwa treni nako kunahesabiwa kwa ulivyofika. Ya dakika 12 hamna kitu, iache, usijaribu kuivuta ifike 15. Ya usiku umechelewa saa mbili na dakika 15, hapo ni nauli ya siku nzima, pauni 16. Jumla pauni 38. Kwa hela yetu ni laki moja na ushee, na hiyo ni wiki mbili tu mwanangu, fikiria huo mwaka na nusu.

Huo uliopita ndo hivyo umepita, nasikitika, siku 28 zinahesabiwa kuanzia siku ya safari na zikipita wanakataa. Ndo maana naandika haya kwa herufi zilizonona, wenye watoto huko watumieni ujumbe LEO.

Tuje kwenye fomu iliyokataliwa, na hapa mdogo wako hana kosa la kumgombeza maana nililiona tatizo pale pale uliposema saa moja na dakika kumi na mbili. Wewe kwenye kidaftari umeandika kama tunavyohesabu sisi, yeye kakopi 01:12. Kwa Wazungu hiyo ni saa saba usiku! Treni ya saa saba na dakika kumi na mbili usiku haipo ndo maana wakasema hakuna treni ya muda huo. Inatakiwa 07:12. Usifungue dai jipya, utaonekana umedai mara mbili. Ingia kwenye lilelile lililokataliwa, patakuwa na sehemu ya kukata rufaa au kujibu ile emaili yao, waeleze kwa kifupi kwamba muda uliandikwa kimakosa, treni ni ya 07:12, tarehe ile ile, na uambatanishe picha ya tiketi. Dai lenyewe umeshaliingiza ndani ya siku 28 kwahiyo simama hapo usiogope. Zile nyingine tano, sorry nne maana ya dakika 12 tumeiacha, jaza wewe mwenyewe ukiwa hapo nje ya wodi, kila moja na fomu yake, muda wa Kizungu wa saa 24, ya usiku ni 23:50 ulitakiwa kufika na 02:05 ukafika. Na tarehe yake ujaze ile uliyopanda, sio ya kesho yake.

Kitu kingine kidogo ambacho kinaweza kukuchanganya, emaili na meseji za stesheni ukizifungulia Tanga simu inakuonyesha saa za huku, sisi tupo mbele yao saa mbili au tatu kutegemea na msimu wao. Kama unachukua muda kutoka kwenye emaili ya taarifa ya ucheleweshaji, kumbuka kupunguza. Bora ufuate kidaftari. Na laini yako ya kule iweke kwenye simu iwe hewani, wakati mwingine wanatuma namba ya uthibitisho kwenye simu.

Tiketi uliyonayo ipige picha kwenye mwanga mzuri, mbele, tarehe na bei visomeke, isikunjwe. Ile iliyomezwa na geti weka risiti ya malipo na ueleze kilichotokea, wakisema haitoshi waandikie waliokuuzia wakupe nakala ya tiketi yenyewe maana kumbukumbu wanazo. Siku nyingine, na hii ni kwa wote, piga picha tiketi ya karatasi ukishainunua tu, na siku ya mwisho ukifika getini muombe mfanyakazi akupitishe pembeni ubaki nayo, ukimwambia unataka kudai anakuelewa, wamezoea.

Kwenye malipo watakuuliza unataka kwa njia gani. Chagua hela iingie akaunti yako ya benki ya kule yenye jina lako. Usichukue vocha za treni hata wakikupa ionekane tamu, hela ni yako una haki ya kupewa hela. Na usiweke akaunti ya mtu mwingine hata awe ndugu wa damu, jina la dai na jina la akaunti vifanane. Alafu wapo watu na apu wanaojitolea kukudaia wakakata chao, huhitaji, fomu yenyewe dakika tano.

Wakikujibu hapana na unaona hawana haki, kata rufaa kwao kwanza. Wakishikilia hapana na kukuandikia kwamba wamemaliza, au ukipita muda waliowekewa wa kujibu malalamiko hamjaelewana, unapeleka kwa Rail Ombudsman, huyu ni msuluhishi aliyeanza 2018, hatozi hata senti kwa abiria, na akiamua kampuni inafuata. Peleka na kidaftari chako. Nakwambia hicho kidaftari cha baba ni mali, sio kila abiria anaweza kusema alifika saa nane na dakika tano.

Sasa hiyo pauni 23 ya teksi. Usiichanganye kwenye fomu ya kucheleweshwa, fomu ile ni ya nauli tu. Andika malalamiko peke yake kwa kampuni, sehemu ya huduma kwa wateja. Masharti ya usafiri wa reli ya kule yanasema safari ikivurugika ukashindwa kufika, kampuni za treni pale wanapoweza zinatakiwa zikutafutie njia nyingine ya kufika au mahali pa kulala. Wewe uliachwa usiku mwanamke stesheni isiyo na mtu. Waeleze hivyo hivyo, saa, jina la stesheni, kwamba mlikuwa kama tisa, kwamba ofisi ilifungwa na hapakuwa na wa kumuuliza, weka risiti ya teksi na useme umelipa nusu yake. Kama risiti ipo kwa yule dada wa Ghana mtafute akupigie picha, na yeye umwambie adai nusu yake. Siwezi kukuahidi kwamba watalipa yote, hii haina hesabu ya moja kwa moja kama ile nyingine, ila tangu Oktoba 2016 sheria yao ya haki za mlaji ya 2015 inafika mpaka kwenye treni, inataka huduma itolewe kwa uangalifu, kwahiyo una pa kusimamia. Hili lenyewe limenikera kuliko yote uliyoandika, hela kando. Kumshusha mtu saa tano na nusu usiku kwenye baridi kisha kuondoka!

La bosi. Majibu utakayopata kwenye hayo madai yatathibitisha kwamba treni ya siku fulani ilichelewa dakika fulani, na huo ndo ushahidi wako kazini. Usikae na barua ya onyo kimya. Ukiona madai yamekubaliwa, chukua zile emaili, zitoe nakala hapo kwa mdogo wako, uandike barua ya heshima kwa bosi umuombe aweke kwenye faili lako kwamba siku hizo tatu ucheleweshaji ulitokana na treni na ushahidi huu hapa. Sisemi ataifuta, ila faili lenye maelezo yako na faili lisilo na maelezo yako ni vitu viwili, hasa kwa mtu ambaye kazi ndo imeshika viza kama ulivyosema mwenyewe. Na kama kuna chama cha wafanyakazi ambacho wenzako wamejiunga, jiunge.

Kuhusu mwenzako anayedai treni ambazo hakupanda. Huyo anaiba. Kampuni zinalinganisha madai na tiketi na mageti, na watu kule wameshapelekwa mahakamani kwa madai ya uongo ya treni. Shemeji alikuwa anaogopa viza, mwambie kinachoweza kuharibu viza ni hicho, kosa la jinai la udanganyifu. Usimfuate hata kwa pauni 2, na usimwazime tiketi yako. Lakini pia usiache chako kwasababu yeye anachukua kisicho chake, sioni kwanini uchafu wake ukuchafue wewe.

Na tahadhari moja, siku za mgomo au wanapobadilisha ratiba mapema, wanakuhesabia kwa ratiba mpya waliyotangaza usiku wa kuamkia siku hiyo, sio ile ya kawaida uliyoizoea. Kwahiyo kabla ya kulala angalia ratiba ya kesho uipige picha. Na ikitokea treni imefutwa ukaamua kutosafiri kabisa kwa tiketi ya siku ile, hapo haiwi fidia ya kucheleweshwa, unarudisha tiketi kwa aliyekuuzia unapewa hela yote bila makato.

Nimebakiza la mama, na nimeliacha mwisho kwasababu sikutaka nilijibu haraka. Mama yako kakulea vizuri, mtu asiyedaidai ni mtu wa heshima na mimi nimelelewa hivyo hivyo hapa hapa Tanga. Lakini mama yako ni mke wa mtu wa reli. Kaa naye jioni akishakula, muulize baba alikuwa anaandika kile kidaftari cha nini. Nina hakika atakwambia. Reli hii ya kwetu imeanza kujengwa hapa Tanga 1893 ikafika Moshi 1911, na miaka yote hiyo heshima ya mtu wa reli ilikuwa ni saa, treni iingie kwa muda iliyosema, na ikichelewa mtu aandike imechelewa kwa nini na aulizwe. Baba yako alikuwa upande wa kuulizwa. Wewe sasa upo upande wa abiria, unaandika ili wao waulizwe. Uroho ni kutaka cha mwenzio. Mueleze mama kwa maneno ya upole, na ukiingiziwa hiyo hela mnunulie yeye kitu, kile kigodoro cha kukalia ulichoniambia kwenye meseji daktari kashauri.

Wapo watakaoniuliza na sisi huku je. Kwa haraka tu maana barua hii si ya huko. Mabasi ya Tanga kwenda Dar, na treni ya Arusha ambayo sisi tunaipandia Korogwe, ile iliyorudi kubeba abiria mpaka Moshi Desemba 2019, vyote vipo chini ya mamlaka ya usafiri, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya 2019 ikarithi usafiri wa nchi kavu kutoka SUMATRA, na lipo baraza la watumiaji wa huduma hizo kwa ajili ya abiria hasa. Tunza tiketi yako yenye jina, tarehe na saa ya kuondoka, basi likikulaza Segera au Chalinze andika saa, piga picha namba ya gari, omba kwa utaratibu ofisi ya basi ikurudishie au ikutafutie gari jingine, wakikuzungusha peleka LATRA ukiwa na hivyo vyote mkononi. Nitaliandikia siku yake lenyewe, wenye visa vyenu nitumieni.

Wewe binti wa Ngamiani, meseji yako ya juzi nimeiona, kwamba rufaa ya 07:12 imepokelewa na nne nyingine umeingiza zote. Vizuri sana. Kwa kawaida jibu linatakiwa ndani ya siku 20 za kazi, kwahiyo kuna yatakayokukuta bado upo hapa na mengine umesharudi. Likija la kwanza nipigie picha unitumie, namba ya akaunti ifiche. Na wodini mwambie mama Ijumaa nitapita kumjulia hali, nitamletea uji wa mchele.

Shangazi